Nilipiga Magoti Nikashindwa Kuinuka

Amani iwe nanyi, ndugu zangu. Nimeombwa niseme kwa ufupi. Nitajitahidi, ingawa mmemwomba mwinjilisti.

Mimi naitwa Emanueli, mkulima wa Kansay, mume wa Rebeka na baba wa watoto wanne. Wa kwanza ni Danieli, ndiyo maana nyumbani naitwa Baba Danieli. Kwa miaka kumi na minne nimetumika kama mwinjilisti wa kanisa letu dogo. Mchungaji ana makanisa mengi ya kuzungukia, kwa hiyo Jumapili nyingi anayehubiri ni mimi, na msiba ukitokea anayefika kwanza ni mimi.

Nilikuwa mtu wa nguvu, na nilijua kwamba nina nguvu. Gunia la mahindi nililitoa shambani hadi nyumbani bila kulitua. Semina ikiwa Karatu mjini, nilitembea kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Sikuwahi kulazwa hata siku moja, na jambo hilo nililitaja mara nyingi nikiwa mimbarani. Nilihubiri kwamba mtu mwenye imani iliyokamilika hakai kitandani. Watu waliitikia amina. Waliokuwa wagonjwa hawakuwepo kanisani kunijibu.

Sasa inabidi niseme habari za dada Theresia, maana bila hizo ushuhuda huu ni nusu. Amenipa ruhusa kumtaja, na baadaye mtaona kwa nini nilihitaji ruhusa.

Theresia ni mjane wa kijiji chetu. Alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Miaka saba kabla ya mimi kuugua, yeye alianza kukohoa. Alikohoa masika yote, akakonda, gauni la kwaya likawa linamning'inia. Jumapili moja nikiwa katikati ya mahubiri alishikwa na kikohozi kirefu. Mimi nikanyamaza mpaka kilipokwisha, kisha nikamwambia mbele ya watu wote, "Dada, kuna jambo hujalitubu. Litubu, utapona." Baada ya ibada nikawaambia wazee wa kanisa kwamba ni vizuri asiimbe kwanza, na asikae karibu na watoto.

Sikusema kwamba watu wasiende kwake. Lakini nani angeenda, baada ya maneno yale? Aligundulika kuwa na kifua kikuu, akaanza dawa. Mbaazi zake zilikaukia shambani kwa kukosa mtu wa kumsaidia kuvuna. Binti yake Agnesi, aliyekuwa darasa la sita, aliacha shule. Shangazi yake aliyekuwa Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu, akamchukua, na binti akawa anakata vitunguu pamoja na vibarua watu wazima ili mama yake apate chakula. Mimi hayo yote niliyasikia. Nilisema tuwaombee.

Theresia alipona. Akarudi kanisani, akakaa benchi la mwisho. Hakurudi kwenye kwaya.

Ugonjwa wangu mimi ulianza kama uchovu. Ilikuwa wakati wa palizi. Nilisikia maumivu katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, kama mtu ananibonyeza na kidole. Nikasema ni jembe. Palizi ikaisha, kidole hakikutoka. Nikawa naamka shuka limelowa jasho. Mkanda wa suruali nikauongezea tundu kwa msumari, kisha tundu la pili. Rebeka alikuwa ananiambia, "Baba Danieli, twende hospitali." Mimi namjibu, "Nitakwenda baada ya mavuno." Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ningewaambia nini wale niliowahubiria?

Miezi minane nilikaa hivyo. Mwishoni nilipokuwa nashika uti wa mgongo nilisikia mfupa mmoja umetokeza, kama ngumi ndogo chini ya ngozi. Miguu ikaanza kuwa na ganzi. Nikitembea naona kama nimevaa gamboti zilizojaa tope. Kandambili ilinitoka mguuni nikiwa njiani, nikaenda nusu ya safari bila kujua kwamba niko peku. Hata hilo sikumwambia mtu.

Ikafika Jumapili moja, ibada ya kawaida. Wakati wa maombi ya toba nilipiga magoti mbele ya madhabahu. Nikaomba nikamaliza. Nikasema amina, watu wakasema amina. Nikataka kuinuka, na miguu haikuwepo. Niliiona, iko pale nyuma yangu, lakini haikunisikia.

Watu walidhani nimezama katika maombi. Kwaya ikaimba wimbo, ikaumaliza, ikaanza mwingine. Mama mmoja akaanza kulia kwa kuguswa. Rebeka ndiye aliyetoka kwenye benchi, akaja kupiga magoti kando yangu.

"Baba Danieli, kuna nini?"

"Siwezi kuinuka."

"Jaribu."

"Nimejaribu."

Akatazama chini. Sakafu ilikuwa imelowa. Mkojo ulinitoka bila mimi kujua. Alivua kitenge chake begani akanifunga kiunoni, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto, kisha akawaita wanaume wanne. Mzee mmoja akasema tumwekee mikono kwanza. Rebeka akamjibu, "Mtamwombea ndani ya gari."

Karatu walinipiga picha ya eksirei, kisha wakanipeleka hospitali ya rufaa. Kule waliingiza sindano ndefu mgongoni wakavuta usaha, wakaupima. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alivuta kiti akakaa karibu na kichwa changu.

"Mzee, una kifua kikuu. Kimekaa kwenye uti wa mgongo. Pingili mbili zimeliwa na zimebonyea, ndiyo maana mshipa wa fahamu wa miguu umebanwa."

"Daktari, mimi sikohoi."

"Si lazima ukohoe. Kinaweza kukaa kwenye mfupa, kwenye matezi, popote."

"Nitatembea tena?"

"Miguu inaweza kurudi. Inaweza kurudi yote au isirudi yote. Ungekuja mapema ningekuwa na jibu zuri zaidi. Dawa ni mwaka mzima, hata siku moja usiruke."

Wapo ndugu waliosema pale pale kwamba ni Theresia aliyeniambukiza. Daktari akawajibu, "Vijidudu havina jina la mtu." Nawashukuru waliocheka, maana mimi nilikuwa karibu kukubali.

Nikarudishwa Karatu, nikalazwa wiki saba. Nitasema mambo ya mwili, mnisamehe, maana mgonjwa aliyeko hapa anahitaji kujua kwamba hayuko peke yake. Nililala na mpira wa mkojo na mfuko wake ukining'inia kitandani. Choo sikukisikia kikija. Ilibidi nigeuzwe kila baada ya saa mbili kama ndizi jikoni, na hata hivyo nilipata kidonda juu ya makalio, upana wa kiganja cha mtoto. Dawa zilikuwa vidonge vikubwa vya rangi ya udongo mwekundu, nameza asubuhi kabla ya kula. Siku ya kwanza mkojo ulipotoka na rangi ya chungwa nilidhani natoka damu. Nesi akacheka. "Hiyo ni dawa, babu." Nilikuwa na miaka arobaini na saba.

Kitanda cha jirani alilala mfugaji mmoja wa Kimasai kutoka Malambo, jina lake Saning'o. Alikuwa amehamishia ng'ombe nyanda za juu za Ngorongoro wakati wa kiangazi, akaugulia huko, wakamshusha Karatu. Yeye alikuwa na kifua kikuu cha matezi. Shingo yake ilikuwa imevimba na upande mmoja ulikuwa unatoa usaha, lakini miguu yake ilikuwa mizima. Hakuwa Mkristo. Asubuhi alikwenda dirishani akamwomba Engai, Mungu wa Wamasai, kwa lugha yake, kisha anarudi kuniuliza kama nimelala.

Siku ya kwanza aliniambia, "Mchungaji, hii mfuko yako imejaa. Nesi yuko mbali. Nimwage?"

"Acha, ndugu. Si kazi yako."

Akaumwaga. Kuanzia hapo ikawa kazi yake.

Siku moja mchana Rebeka alikuwa ameondoka kwenda kupika. Nikajichafua kitandani. Harufu ikajaa wodi nzima, na watu walikuwa wanatembelea wagonjwa wao. Mama mmoja akafunika pua. Saning'o akatoka, akarudi na beseni la maji. Akavuta shuka lake mwenyewe akalifunga kwenye kitanda changu kama pazia, akaniosha. Aliniosha bila haraka na bila kuzungumza. Mimi nikaanza kulia.

"Unalia nini? Maji ni moto?"

"Naona aibu."

Akakamua kitambaa kwenye beseni. Kisha akasema, "Kwetu kiangazi kikiwa kikali, ng'ombe anaanguka. Hatumuulizi amekosa nini. Mmoja anashika mkia, mwingine anashika pembe, tunamsimamisha. Akianguka tena, tunamsimamisha tena. Kuna mwingine anakufa. Lakini hatumuulizi."

Nimehubiri miaka kumi na minne. Sikumbuki kama niliwahi kuhubiri vizuri hivyo.

Saning'o aliruhusiwa kabla yangu akaenda na dawa zake. Amemaliza matibabu. Alinipigia simu kutoka Malambo kunieleza, akauliza kama nimesimama.

Mimi nilitoka hospitali bado nimelala. Walinivalisha mkanda mgumu wa kushika mgongo, wakanipakia kwenye gari, wakanishusha nyumbani kwangu Kansay. Muuguzi wa zahanati yetu akaeleza kwamba lazima pawepo mtu aliyefundishwa, atakayenitazama nikimeza dawa na kuandika kwenye kadi. Kijijini kwetu mtu huyo alikuwa mmoja. Alikuwa amejitolea kazi hiyo tangu alipopona yeye mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nikasikia sauti mlangoni. "Hodi hapa."

"Karibu, dada Theresia," Rebeka akamjibu.

Aliingia, akanawa mikono, akasoma kadi yangu, akahesabu vidonge kwenye kiganja. Hakukaa.

"Mwinjilisti, habari za asubuhi. Fungua mdomo."

Nikameza.

"Inua ulimi."

Nikainua. Akaandika. Akamwonyesha Rebeka namna ya kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kama muuguzi alivyoelekeza, akaondoka. Ilikuwa hivyo kila siku, mvua na jua. Alikuwa anatoka ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa. Mimi nilikuwa natafuta maneno na siyapati. Yeye hakuonekana kuyasubiri.

Mwezi wa tatu wa dawa nilikata tamaa. Vidonge vilikuwa vinanitia kichefuchefu, viungo vinauma, na miguu iko vile vile. Nikajifunza kuficha vidonge kati ya shavu na ufizi. Theresia alikuwa amelegeza kidogo ukaguzi kwa heshima yangu. Akishaondoka, navitema na kuvisukuma chini ya godoro. Rebeka hakujua. Nilijiambia kwamba namwachia Mungu. Huo ulikuwa uongo. Nilitaka kufa bila kuonekana kwamba nimechagua kufa.

Walivikuta siku ya kubadilisha shuka, vidonge tisa. Rebeka akashika mdomo, akatoka nje. Theresia aliviokota kimoja kimoja akaviweka kwenye kisahani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, akavuta kiti akakaa.

"Mimi nilipokuwa nameza hizi," akasema, "aliyekuwa ananihesabia ni Agnesi. Mpaka shangazi yake alipomchukua, alikuwa ananipa vidonge kabla hajaenda shule, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anaingia mlangoni kwangu. Hata kuomba moto hawakuja. Wewe una watu wawili wanaokutazama, na unaficha dawa."

Nikamuuliza, "Kwa nini unakuja hapa, dada Theresia? Mimi ndiye niliyefunga mlango wako."

"Nakuja kwa sababu jina langu liko kwenye kadi yako." Akasogeza kisahani kando. "Na kwa sababu naijua harufu ya chumba kisichoingiwa na mtu."

Pale nilipolala, siwezi hata kukaa, nikamwomba msamaha. Nilieleza yote niliyoyasema na niliyoyanyamazia. Nilisema mengi kama kawaida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama, akamimina maji kwenye kikombe.

"Nimekusikia. Meza."

Nikameza. Akasema, "Inua ulimi."

Siku ile ile alimleta muuguzi, nikamweleza ukweli kuhusu vile vidonge tisa. Akanikaripia, akatengeneza upya hesabu ya kadi. Kesho yake asubuhi Theresia alipofika hakuniita Mwinjilisti. Aliniita Baba Danieli.

"Baba Danieli, nimefikiri ulichosema jana. Kwa upande wangu nilishakuachilia zamani, maana ningekufa kwa uchungu kabla ya kifua. Lakini la Agnesi si langu kulisamehe. La Agnesi utamuuliza Agnesi."

Mwezi wa tano, Rebeka alikuwa ananipaka mafuta miguuni akasimama ghafla.

"Umefanya makusudi?"

"Nimefanya nini?"

"Kidole gumba. Kimecheza."

Tukakitazama wote wawili. Nikajaribu. Kikacheza tena, kidogo sana, kama mjusi anavyotikisa mkia. Rebeka alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna mgeni. Majirani hao hao ndio waliochimbia nguzo mbili ndefu uani, wakanifungia fito za kushika huku na huku. Nikaanza kujifunza kusimama. Nilianguka mara nyingi. Mtu akiwepo ananishika mkanda nyuma, nasimama. Mwezi wa nane nilifika chooni kwa miguu yangu na magongo mawili, nikajifungia mlango mwenyewe. Aliyewahi kuoshwa na watu wengine anajua furaha ya kujifungia mlango wa choo.

Mwaka ulipoisha na dawa zikaisha, nilirudi kanisani. Nikamwomba Mchungaji nafasi ya kutubu mbele ya watu, kwa sababu nilikosa mbele ya watu. Aliogopa kidogo. "Wataendelea kukuheshimu?" akaniuliza. Nikamwambia sijui. Nikasimama na gongo langu nikaeleza nilivyomtendea Theresia, jambo kwa jambo. Watu walilia. Wengine walikuja kunishika mkono, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi sana.

Theresia alikuja jioni, amekasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika.

"Hukuniuliza kama nataka kutajwa. Mara ya kwanza ulinisimamisha mbele ya watu kama mwenye dhambi. Leo umenisimamisha kama malaika. Mara zote mbili mwenye kipaza sauti ni wewe."

Jambo hilo liliniuma kuliko sindano ya mgongo, kwa sababu ni kweli. Ndiyo maana leo nimemwomba ruhusa. Amenipa, akasema nisimpambe. Anataka mjue kwamba asubuhi nyingi alikuwa anakuja kwangu kwa hasira, na kwamba mara mbili aliomba kwa muuguzi apewe mgonjwa mwingine.

Ilibaki Agnesi. Nilishuka Mang'ola wakati wa kuvuna vitunguu. Nilifika shambani nikiwa nimejaa vumbi, gongo mkononi, mguu wa kushoto ukiburuta kama unavyoburuta hata leo. Vibarua walikuwa wamekaa kwenye mistari wakikata majani, malori yanasubiri barabarani. Agnesi nilimtambua kwa sura ya mama yake. Sasa ni mwanamke mzima, alikuwa amembeba mwanawe mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Agnesi. Unanikumbuka?"

"Wewe ni mwinjilisti wa kwetu." Kisu chake hakikusimama.

Nikamwambia kwa nini nimekuja. Safari hii nilisema kwa kifupi. Alikata vitunguu vingi kabla ya kunijibu.

"Mama alisema utakuja. Nikamwambia sijui nitasema nini. Mpaka sasa sijui."

"Sikuja kutafuta jibu."

"Nilikuwa wa tatu darasani," akasema. "Mwalimu alikuja mara mbili nyumbani kuniulizia. Kutoka kanisani hakuja mtu."

Nikasimama tu. Jua lilikuwa kali, na mguu ukaanza kutetemeka. Akauona.

"Unaweza kushona magunia ukiwa umekaa?"

"Naweza kujaribu."

Akaniletea sindano kubwa na kamba, akanitandikia gunia tupu nikae. Nikashona midomo ya magunia mpaka vidole vikatoka malengelenge. Jua lilipoanza kulegea akaniambia bila kuinua kichwa, "Yule wa mwisho kwenye mstari anakohoa tangu tulipoanza kuvuna. Anaogopa akienda kupima watamfukuza kazi. Sisi hatusikilizi. Mwambie wewe."

Alikuwa mwanaume wa makamo, mashavu yameingia ndani. Nilipomkaribia akasema, "Mzee, mimi sitaki mahubiri."

"Sina mahubiri. Nina mgongo." Nikamgeukia, nikainua shati. "Weka mkono hapa, kwenye nundu. Usiogope, haiumi tena."

Akaweka.

"Hii ni nini?"

"Ni kifua kikuu. Nilikaa nacho miezi minane nikikiita uchovu."

Kesho yake tulikwenda naye kituo cha afya, mimi na Agnesi. Makohozi yakapimwa, akakutwa nacho. Muuguzi alipouliza ni nani atakayemsimamia dawa, yule bwana akasema hana mtu. Agnesi akasema, "Niandike mimi. Naijua kazi hiyo."

Sasa niwaambie ninachotaka mkumbuke. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapime. Mgongo ukiuma usiku na mchana na unakonda, nenda pia, hata kama hukohoi. Dawa hutolewa bure. Zitakuchosha, zitabadilisha mkojo wako, usiziache, na usizifiche shavuni. Mgonjwa akishatumia dawa wiki chache na wahudumu wakakuambia hakuna hatari, ingia kwake, kaa kitini, kunywa chai. Na ninyi mnaohubiri, ombeeni wagonjwa kwa moyo wote, kisha mshike upande mmoja wa machela. Mtu aliyelala usimuulize amekosa nini.

Mimi bado naitwa mwinjilisti. Siwezi kusimama ibada nzima, nahubiri nimekaa, na wanasema mahubiri yamekuwa mafupi na mazuri. Gunia silibebi tena. Mgongo umebaki na kibiongo. Nilimwomba Mungu aninyooshe, hajaninyoosha, na sijaacha kumshukuru. Zamani nilimtumikia kwa nguvu zangu nikawaumiza watu wake. Sasa ananituma na nundu hii, na wagonjwa wanaishika kwa mikono yao na kuniamini. Namshukuru kwa Rebeka, kwa madaktari na wauguzi, kwa Saning'o wa Malambo, na kwa dada Theresia, ambaye siku hizi natembelea naye wagonjwa wa Kansay, yeye mbele, mimi nyuma na gongo.

Kila msimu wa vitunguu nashuka Mang'ola kusikiliza vifua vya vibarua. Agnesi hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza tena. Nikifika ananiamkia, ananitandikia gunia, ananipa sindano na kamba. Mimi nakaa, nashona.